Rangi ya uso wa mtoto



Wiki hii niliombwa niandike juu ya kazi yangu ya picha, na wazo langu la kwanza lilikuwa kuwapa habari nyepesi: namna ya kumfanya mtoto asifumbe macho, au kwa nini bibi arusi asisimame chini ya hema la buluu. Lakini kila nikishika kalamu inanirudia habari ya mama mmoja, na ya kifaa tulichokuja kununua juu yake. Basi niiseme hiyo, hata kama si nyepesi.

Alikuja studio mwezi wa saba, saa kumi ya jioni, na simu ya mtu mwingine mkononi. Binti yake wa miaka 19 alikuwa amefariki kwa ugonjwa siku mbili mbele. Wao ni watu wa upande wa Djugu. Walikimbia wakati vita viliporudi kule, mwisho wa 2017, na nyumba iliungua pamoja na picha zote za watoto. Ya binti huyo alipokuwa mkubwa ilibaki moja tu, ambayo rafiki yake alimpiga kwenye arusi akiwa amesimama kati ya watu wanne, kichwa kimeinama kidogo, anacheka. Mama alitaka nimtoe kati ya wale wengine, nimfanye mkubwa, picha ya sentimita 30 kwa 40, iwekwe mezani siku ya matanga.

Nilimwambia ndiyo. Ni kazi ninayoifanya kila wiki, na Bunia yetu, mnaijua, matanga hayakosi.

Usiku ule umeme ulikatika saa moja. Niliendelea na betri ya laptopu, taa ndogo ya sola kando yangu. Uso wa binti ulikuwa katika kivuli cha hema, kwa hiyo niliupandisha mwanga. Niliona pia kwamba ngozi ina umanjano mwingi, nikavuta rangi kidogo upande wa buluu. Nilifanya kazi ile kwa upole, kama ninavyomwogesha mtoto. Nilipomaliza nilimwona amekaa vizuri kabisa kwenye kioo cha kompyuta, nikalala na roho nyeupe. Asubuhi nilipeleka picha kwa wachapaji wetu mjini. Saa sita mama akaja kuichukua.

Aliishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

“Huyu ni nani?”

Nilidhani ni uchungu wa kilio unaosema. Kumbe alikuwa anauliza kweli.

“Mtoto wangu alikuwa mweusi,” akasema. “Mweusi kama bibi yake. Huyu mmempaka majivu.”

Nikatazama vizuri, na ilikuwa hivyo. Uso ulikuwa umepauka, na chini ya macho kulikuwa na ubuluu kama wa mtu aliyelala chumba cha wagonjwa mwezi mzima. Nikamwambia ni mashini ya kuchapa. Akina mama, nilisema vile kwa sababu sikuwa na neno lingine. Muda wa kuchapa tena haukuwepo, akaichukua hivyo hivyo. Siku ya matanga nilikwenda kumpa pole, nikakaa nyuma pamoja na wengine, na nikamsikia shangazi mmoja aliyetoka mbali akimwuliza jirani yake kwa sauti ya chini: “Kumbe aliugua mpaka akawa hivi?”

Hakuugua mpaka akawa hivyo. Nilimfanya hivyo mimi.

Niliporudi nyumbani nilifungua tena ile picha, safari hii mchana, umeme upo. Kwenye kioo ilikuwa imepauka vilevile kama kwenye karatasi. Basi mashini ya watu haikuwa na kosa. Nilitafuta siku mbili, mpaka mwanangu wa sekondari akacheka. Kumbe yeye ndiye alikuwa ameweka kwenye kompyuta kile kinachoitwa mwanga wa usiku: jua likizama kioo kinageuka manjano ili macho yapumzike. Kompyuta za Windows zina kitu hicho ndani tangu 2017. Juu yake, laptopu ikikatwa umeme na kubaki na betri, inapunguza mwanga wa kioo yenyewe ili betri idumu. Kwa hiyo usiku ule nilikuwa natazama uso kupitia kioo chenye giza na umanjano. Giza la kioo nikalitibu kwa kupausha uso, umanjano wa kioo nikautibu kwa kuupaka uso buluu. Mgonjwa alikuwa kioo, dawa nikampa mtoto.

Mtasema: lakini macho yako hayakuona? Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mmoja wenu analijua tayari. Mama akinunua kikwembe ndani ya duka, hakubali rangi chini ya taa ya duka. Anakichukua mpaka mlangoni, anakifungua kwenye jua, ndipo anasema bei. Kwa nini? Kwa sababu jicho linazoea. Ukikaa chini ya taa ya manjano dakika chache, karatasi nyeupe inakuwa nyeupe tena machoni pako, na sombe inabaki na kijani chake. Mungu alitupa jicho la namna hiyo ili tutambue chakula na watoto wetu asubuhi na jioni. Ni jicho zuri la kuishi nalo. Kwa kupima, ni mizani inayojisogeza yenyewe.

Na sisi wa Ituri tunajua habari ya mizani. Mtu akishuka kutoka Mongbwalu na dhahabu yake, kabla ya bei anauliza atapimiwa kwa mizani ya nani.

Mizani ya rangi za kioo ipo. Ni kifaa kidogo cha mviringo kinacholingana na panya ya kompyuta, kina waya wa USB na jicho la kioo upande wa chini. Unakining'iniza mbele ya kioo cha kompyuta, kikilala juu yake kama mtoto mgongoni. Programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine: nyekundu, kijani, buluu, kisha majivu kutoka nyeusi mpaka nyeupe. Kifaa kinasoma kila rangi kama inavyotoka kweli, programu inalinganisha na ilivyotakiwa kutoka, na mwisho inaandika masahihisho katika faili moja inayoitwa profaili. Kuanzia hapo kompyuta inaivaa profaili ile kila ikiwaka. Kwangu kazi nzima inachukua kama dakika 20.

Kabla sijasema tulivyokichagua, niwape habari nyingine ndogo, kwa sababu ilinifariji kidogo na kunikasirisha zaidi. Zamani, picha za rangi zilipokuwa za filamu, maabara zilizosafisha filamu zilipata kutoka kampuni ya Kodak karatasi ya kulinganishia rangi. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke. Ilianza miaka ya 1950, na mwanamke wa kwanza aliitwa Shirley, mfanyakazi wa Kodak. Waliomfuata nao waliitwa Shirley. Wote walikuwa wazungu. Mchapaji alirekebisha mashini mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na akishapata hapo kazi imekwisha. Ngozi yetu ilitoka ilivyotoka: macho na meno vinaonekana, uso ni shimo. Waliolalamika na kusikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa meza za mbao, kwa sababu kahawia yao haikuonekana vizuri kwenye matangazo. Mpaka miaka ya 1990 ndipo ikatoka karatasi yenye wanawake watatu, na mmoja wao mweusi.

Nikakumbuka picha za ubatizo za miaka ile katika albamu ya mama yangu. Watoto wote tunafanana, kwa kuwa hakuna anayeonekana.

Lakini binti wa yule mama hakuharibiwa na Shirley. Aliharibiwa hapa Bunia, na mama mweusi anayempenda kila mtoto. Ndiyo maana nilitaka kifaa.

Bwana yangu aliuliza bei. Nikamwambia: vipya nilivyoulizia Kampala ni zaidi ya dola 150, kilichotumika tunaweza kukipata kwa 110. Akanyamaza kidogo. “Dola mia moja na kumi,” akasema, “kwa panya isiyobonyezwa?” Hakuwa na kosa. Wiki ileile tulikuwa tunatafuta pesa ya masomo ya huyo huyo mtoto mwenye mwanga wa usiku.

Nikaenda kwa wenzangu wawili wa kazi hii, mmoja wa Mudzipela, mwingine wa Yambi-Yaya. Mimi niko Nyakasanza. Tuna likirimba letu tangu miaka mitatu, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu cha kazi kinaweza kuwa zamu ya likirimba kama sufuria. Lakini fikirini: kifaa hiki kinafanya kazi dakika 20, halafu kinalala mwezi mzima. Kioo kinageuka polepole jinsi kinavyozeeka, kwa hiyo kupima mara moja kwa mwezi kunatosha. Kwa nini kila mmoja awe na chake? Tukakubaliana: kimoja, cha watatu.

Kilichobaki ni kuchagua, na hapa niseme wazi tulivyofikiri, kwa sababu maduka hayatawaambia.

Kuna vifaa vya aina mbili. Kimoja kinasoma rangi kupitia vichujio vichache, karibu kama jicho letu. Kingine kinaupasua mwanga wenyewe vipande vipande, kama upinde wa mvua, na kinaweza kupima hata karatasi iliyochapwa. Hicho cha pili ni cha wachapaji wakubwa, na bei yake inanunua ng'ombe. Sisi tulikiacha bila kusikitika.

Katika hivyo vya kwanza, majina mnayokutana nayo ni Spyder za kampuni ya Datacolor, na zile za X-Rite ambazo tangu 2021 zinauzwa kwa jina la Calibrite. Muuzaji mmoja alitupelekea picha ya kifaa cha zamani sana kwa dola 40. Dada wa Mudzipela macho yalimng'aa. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba vichujio vya vifaa vingi vya zamani vinafifia kwa joto na unyevu, hata kifaa kikikaa kabatini, na kifaa chenye vichujio vilivyofifia hakikwambii kwamba kinadanganya. Kinapima tu, kwa sauti ya uhakika. Afadhali mtu asiye na mizani kuliko mwenye kopo lililobonyea anayeapa kuwa ni zima. Tukalikataa. Tukatafuta kilichotumika lakini cha kizazi cha karibu, na shemeji yangu mfanyabiashara akatuletea i1Display Pro ya X-Rite, ambayo vichujio vyake ni vya kioo na vinavumilia miaka. Dola 110, na 10 za safari yake, na kilo mbili za samaki wa Kasenyi za kumshukuru.

Jambo la pili lilikuwa programu. Vifaa vingi vinakuja na programu ya kampuni, na nyingine zinataka namba ya siri na intaneti kabla ya kufunguka. Kwetu, megabaiti zinaisha kabla programu haijasema jambo. Na ukinunua kilichotumika, ile namba mara nyingi imebaki kwa mwenyewe wa kwanza. Sisi tunatumia DisplayCAL, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya kazi ya Graeme Gill wa Australia iitwayo ArgyllCMS. Uso wake si mzuri, ina vifungo vingi vya kutisha, lakini ikishaingia kwenye kompyuta haikuombi kitu tena, na haiulizi kompyuta ni ya nani. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kifaa kizuri zaidi chenye programu ya kufungwa na kifaa hiki chenye programu huru, ningechukua hiki tena.

Namba tulizochagua ni tatu tu, ziandikeni: weupe wa 6500 kelvini, gama ya 2.2, na mwanga wa kandela 120 kwa mita ya mraba, au 100 ukifanya kazi chumba chenye giza. Kioo changu kikiwashwa mpaka juu kabisa kilisoma 230. Maana yake nilikuwa natazama watu wakiwa na mwanga karibu mara mbili ya unaotakiwa, na ndiyo sababu mchana picha zangu zilitoka nyeusi na usiku zikatoka nyeupe, nami nikilaumu mashini za watu.

Dada wa Yambi-Yaya alivunjika moyo tulipopima cha kwake. Laptopu yake ni ya bei rahisi, na programu ilionyesha kwamba kioo kinatoa karibu theluthi mbili tu ya rangi zinazotakiwa. Kifaa hakiongezi rangi ambayo kioo hakina. Nyekundu kali ya kikwembe itabaki imelegea pale. Na ukiinamisha kioo kile kidogo, uso uleule unabadilika mbele yako. Tulimwekea alama ya wino kwenye meza na ukutani: kiti hapa, kioo kikisimama hivi, usihame. Lakini habari njema ni kwamba rangi za ngozi hazikai pembeni kabisa ambapo vioo vya bei rahisi vinashindwa. Zinakaa katikati. Kwa kazi ya nyuso, hata yeye alifaidika.

Nisiwafiche pia kwamba nusu ya ubaya wangu iliondoka kabla kifaa hakijafika, bila franka moja. Nilizima mwanga wa usiku. Nilizuia laptopu isipunguze mwanga yenyewe ikiwa kwenye betri. Ukuta nyuma yangu ulikuwa wa rangi ya waridi, nikaupaka nyeupe iliyofifia, maana ukuta unarudisha rangi yake kwenye kioo. Na kabla ya picha kubwa ninachapa ndogo moja ya uso peke yake, naitazama mlangoni kwenye jua, kama kikwembe. Mama ambaye hana dola 40 za kuchangia aanze na hayo, atakuwa ameshatoka mbali.

Na kuna la wateja. Wasichana wanakuja, wanasema, “Mama, unitoe mweupe kidogo.” Ninajua wanachotaka, na ninajua kinachouzwa kwenye vichupa sokoni. Sitawahubiria, mimi nauza picha. Ila sasa ninachapa kwanza ile ya kweli, ndogo, ninaiweka mezani bila kusema neno. Wengine wanaichukua. Wengine wanasema, hapana Mama, pausha, na ninapausha. Tofauti ni kwamba sasa ninajua ninapausha kiasi gani.

Kifaa kilipofika, kazi ya kwanza niliyofungua ilikuwa ile. Nilifuta kila nilichofanya usiku ule nikaanza upya kutoka picha ya simu. Ilinichukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza, maana hapakuwa na mengi ya kufanya. Kivuli cha hema nilikiondoa kidogo tu. Nilikuta kwamba kwenye shavu la kushoto, pale anapocheka, weusi wake una wekundu chini, kama wa udongo wa barabarani baada ya mvua. Usiku ule nilikuwa nimeufuta wote.

Sikumtafuta mama yule kwa simu. Nilisubiri mpaka siku ya kuondoa matanga, nikaenda na picha imefungwa katika kikwembe. Alikuwa anapanga viti. Alifungua akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kimoja cha vile viti. Hakusema asante, wala sikuwa nimekuja kutafuta. Alipitisha kidole shavuni, upande ule ule wa kushoto.

Baadaye akainuka, akaingia ndani, akatoka na ile ya kwanza. Akanipa. “Hii ni yako,” akasema. “Uende nayo.”

Niko nayo studio, nyuma ya mlango. Haionekani na wateja.

Kwa wale watakaouliza: mwezi huu kifaa kiko kwangu mpaka siku ya alhamisi, kisha kinakwenda Mudzipela. Mama yeyote wa chama mwenye kazi ya picha alete kompyuta yake, tutampimia bila malipo. Aje na betri iliyojaa, kwa sababu umeme hatuuahidi, na aiwashe kompyuta nusu saa kabla, kioo kipate joto. Kioo kilichotoka kuwashwa sasa hivi hatukipimi.